Tairi Kwanza, Tabo Baadaye

Mimi ni makanika wa magari mjini Machakos. Siku za kazi gereji yetu huwa ya watu wenye shida: matatu iliyomaliza klachi, Probox inayokula oili, pikapu ya mchanga iliyovunja springi. Jumapili alasiri ni ya wapenda magari. Hutoka Mutituni, Kathiani, Mlolongo na Athi River, wengine hutoka Nairobi kupitia Kyumvi. Wakishaegesha, boneti hufunguliwa na gumzo likaanza. Gumzo hilo lina mada mbili zisizochuja: injini gani inaweza kuingia kwenye gari gani, na tairi za bei nafuu zinapatikana wapi.

Wengi huzitenga mada hizo. Ya injini huzungumzwa kwa macho yanayong'aa, ya tairi kwa kuguna. Mimi, baada ya miaka mingi chini ya magari ya watu, naziona kuwa mada moja. Nguvu yoyote unayoongeza kwenye injini lazima ipitie vipande vinne vya mpira, na kila kipande hugusa lami kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono tu. Vipande hivyo vikishindwa kushika, nguvu uliyoinunua itakupeleka mtaroni. Kwa hivyo anayenijia na ndoto ya tabo, huanza kwa kumkagua tairi.

Mapenzi haya ya magari hayakuanza jana. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na vizazi vya Wakenya vimekua vikisimama kando ya barabara za vumbi kusubiri magari yapite. Wazee wanaokuja gerejini bado humtaja Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 akiwa na Volvo, kisha akashinda 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Walio wa makamo humkumbuka Ian Duncan na Toyota Celica yake ya 1994, na Patrick Njiru aliyewafanya watoto wengi wa nchi hii waipende Subaru. Colin McRae aliposhinda mwaka 1997 kwa Impreza, mapenzi hayo yalikita mizizi. Mashindano yaliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha, vijana waliozaliwa baada ya ushindi huo walikuwa tayari wana Impreza zao wenyewe, zilizotumika Japan miaka kadhaa kabla ya kuteremshwa Mombasa.

Sasa nizungumzie nguvu, maana najua ndiyo inayowaleta wengi. Machakos iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda. Chukua injini ya 1NZ-FE, ile ya lita moja na nusu iliyomo kwenye Probox na Fielder nyingi. Kiwandani huhesabiwa nguvu za farasi 109. Ukiifikisha hapa kwetu, hata ikiwa mpya kabisa, zinabaki tisini na kitu. Mtu akilalamika kuwa gari lake lilikuwa likivuta vizuri Mombasa na sasa linalegea likipanda Mua, mara nyingi gari halina ugonjwa wowote. Limekosa hewa tu. Tabo hupendwa sana huku bara kwa sababu hiyohiyo: huisukumia injini hewa kwa nguvu na kurudisha sehemu kubwa ya kile ambacho mwinuko umekichukua.

Kwa hivyo simlaumu kijana anayetaka tabo. Ninachomtaka ni aijue gharama yote kabla hajatoa hata shilingi.

Alinijia mwalimu mmoja wa sekondari kutoka upande wa Kangundo. Gari lake ni Impreza isiyo na tabo, rangi ya buluu, inang'aa kila pembe.

"Fundi, nimeona nusu gari ya WRX, ile Impreza ya tabo, huko Nairobi," akaniambia. "Injini, giaboksi, waya, kompyuta, kila kitu kipo. Utaniwekea?"

"Nitakuwekea, mwalimu. Lakini njoo tuanzie huku chini."

Tulichuchumaa kando ya gurudumu la mbele. Ukilitazama kwa nje, tairi ilikuwa na meno ya kutosha. Nilimwonyesha ubavuni neno lililochorwa kwa herufi kubwa: STUDLESS. Hiyo ni tairi ya majira ya baridi, iliyotengenezwa kwa ajili ya theluji na barafu ya Japan. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Ukambani mchana wa Februari unakuwa laini kupita kiasi, unaisha haraka na haushiki breki vizuri mvua ikinyesha. Magari mengi hushuka melini yakiwa na tairi hizo, na mwenye gari hufurahi kuwa ameokoa pesa. Kando ya neno hilo palikuwa na tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 3614. Maana yake ni kwamba tairi ilitengenezwa wiki ya 36 ya mwaka 2014. Nyufa ndogo zilikuwa zimeshaanza kuchora chini ya mifereji.

"Sasa pitisha kidole huku ndani, usikoweza kupaona," nikamwambia.

Alipitisha kidole taratibu, kikasimama. Ukingo wa ndani ulikuwa umekwisha kabisa, na nyaya za chuma zilikuwa zimeanza kuchungulia. Bushi zilikuwa zimelegea, gurudumu likalala kwa ndani, na tairi ikaliwa upande mmoja bila yeye kujua. Gari lile alikuwa akiwabebea watoto wake kila Jumapili kwenda kanisani, na ndilo alilotaka kulizidishia nguvu.

Mwalimu aliiacha kwanza nusu gari. Alinunua tairi nne mpya, bushi, na breki pedi, akapimiwa mwelekeo wa magurudumu. Alipolirudisha kutoka kulijaribu kwenye kona za Kola, alisema anahisi amebadilishiwa gari. Injini hatukuwa tumeigusa.

Wanaoendelea hadi kwenye injini huwaeleza kazi yenyewe bila kuwafichia kitu. Familia ya injini za EJ za Subaru ilianza mwaka 1989 na Legacy ya kwanza, na ni injini nzuri ya kuchezea kwa kuwa vipuri vyake vimeenea nchini. Lakini kuibadilisha isiyo na tabo iwe na tabo si kufunga bomba na kwenda zako. Injini isiyo na tabo imejengwa kubana mchanganyiko wa hewa na mafuta zaidi. Ukiisukumia hewa ya tabo juu ya hapo, mafuta huwaka kabla ya wakati, injini hugonga, na pistoni huvunjika kingo. Ndiyo maana ni bora kuhamisha injini nzima. Ukiihamisha, unahitaji kompyuta yake, waya zake, pampu ya mafuta yenye nguvu zaidi, intakula, redieta nzima, giaboksi inayoweza kustahimili, na breki za gari lile injini ilikotoka. Watu wengi husahau hizo breki. Wananunua moyo wa WRX na kuubakishia miguu ya gari la kawaida.

Kuna pia suala la petroli. Injini nyingi za tabo za Japan zilipangwa zitumie petroli yao ya daraja la juu, inayofika oktani 98 hadi 100. Tunayojaza kwenye vituo vyetu kwa kawaida haifiki hapo. Fundi wa kompyuta anayejua kazi yake ataipanga injini upya kulingana na mafuta tunayopata. Asiyejua atakuongezea presha ya tabo ili ufurahie wiki mbili, kisha urudi kwangu na pistoni iliyotoboka. Mwulize kabla hajafungua laptopu yake: utaipima injini kwa kifaa gani, na utajuaje kama inagonga? Akibabaika, funga boneti uende.

Wapo pia wanaotaka gari lipige milio ya risasi kwenye ekzosi. Milio ile ni mafuta yanayowakia nje ya injini, kwenye bomba. Haiongezi nguvu hata chembe. Inachoma vali na kuimaliza tabo mapema. Hata ule mngurumo wa Subaru wanaoupenda unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, hauna uhusiano na kasi. Tena Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, na mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Machakos hana hatia yoyote ya kuamshwa usiku wa manane.

Kabla ya haya yote kuna nguvu za bei nafuu ambazo wengi wanazo na hawazitumii. Filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara ya Masinga huibana injini pumzi. Plagi zilizochakaa, nozeli zilizoziba, mlango wa hewa uliojaa masizi, oili isiyo ya kiwango kinachotakiwa: rekebisha hivyo kwanza. Pima mbano wa kila silinda. Kama silinda moja iko chini ya wenzake, hakuna tabo itakayoiponya. Kwa Subaru za EJ angalia mkanda wa taimingi. Kwa kawaida hubadilishwa ukifika kilomita 100,000, na ukikatika njiani mara nyingi vali hugongana na pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine. Angalia pia kama redieta inapungua maji bila kuvuja nje, maana gasketi za hedi za injini hizi, hasa zile za lita mbili na nusu, zinajulikana kwa kuchoka. Gari lililohudumiwa vizuri humshangaza mwenyewe kwa jinsi linavyovuta.

Turudi kwenye tairi, mada ya kuguna. Kenya iliwahi kutengeneza tairi zake. Kampuni ya Firestone East Africa iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1969, ambayo baadaye ikawa Sameer Africa, ndiyo iliyotuletea Yana, tairi ambayo wazee wetu waliiamini kwenye barabara za mawe. Mwaka 2016 kiwanda kilisimamisha utengenezaji, kikishindwa kushindana na tairi za bei ya chini kutoka nje, hasa za China na India. Majirani zetu wa Arusha nao walikuwa na General Tyre, nayo ikanyamaza. Leo tunachonunua karibu chote kinakuja na meli, na majina mengi yaliyoandikwa ubavuni hayajawahi kusikika na baba zetu.

Watu huniuliza kama tairi za bei nafuu za China ni mbaya. Najibu kuwa tairi mpya ya bei nafuu iliyochaguliwa kwa macho yaliyofunguka ni bora kuliko tairi kuukuu yenye jina kubwa. Jina haliwezi kukuambia mengi. Ubavu wa tairi ndio unaosema, na kuusoma ni bure. Ukiona 195/65R15 91H, 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 15 ni rimu. Namba 91 inamaanisha tairi inaweza kubeba kilo 615, na H kwamba imejengwa kuhimili hadi kilomita 210 kwa saa. Tairi nyingi pia zina daraja la kuhimili joto: A, B au C. Anayeshuka mara kwa mara kwenda Mtito Andei na Mombasa, ambako lami huchemka, achukue A. Kisha atafute zile tarakimu nne za tarehe. Tairi iliyokaa dukani miaka mitano bado ina meno yote na bado inang'aa, lakini mpira wake umeshaanza kuzeeka. Mwenye duka hapaswi kukasirika ukiinama kusoma. Akikasirika, maduka ni mengi.

Tairi za mtumba ndizo zinazonisumbua zaidi. Najua hali ya mifuko ya watu, na sisemi kila tairi ya mtumba ni kaburi. Lakini ipo biashara ya kuchonga: tairi iliyokwisha huchukuliwa, mifereji ikachongwa upya kwa kisu cha moto, ikapakwa rangi nyeusi na kuuzwa kama ina maisha. Nitawaonyesha jinsi ya kuigundua. Ndani ya mifereji ya tairi halali kuna vidaraja vidogo vya mpira, na ubavuni huwa pameandikwa TWI kuonyesha vilipo. Meno yakiisha hadi kulingana na vidaraja hivyo, imebaki milimita 1.6 na tairi imekwisha. Anayechonga hukata mfereji hadi kwenye kidaraja chenyewe. Ukipapasa mfereji mzima usikute kidaraja hata kimoja, na kingo zake zikiwa zinakwaruza kidole, tairi hiyo imechongwa, na kati ya lami na nyaya za chuma kumebaki ngozi tu. Irudishe hata kama umeshalipa.

Madereva wa Probox nina neno lao la pekee. Gari hili lilitoka kiwandani na tairi za mizigo. Zile za kuanzia 2014 huja na 155/80R14 za mizigo. Mtu akizitoa akaweka tairi za gari dogo za saizi inayoonekana kufanana, kisha akapakia abiria na magunia ya embe hadi nyuma ikagusa chini, ubavu hupinda na kupata joto kila gurudumu likizunguka, na mwishowe hupasuka. Tena hupasuka penye kasi. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha presha. Kikisema 220 kPa, hiyo ni 32 kwenye vipimo vya vituo vyetu vya petroli. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Ni huduma ya bure, na imeokoa watu wengi kuliko dua za kondakta.

Wanaotafuta rimu za mtumba nao wapime mambo mawili. Toyota nyingi ndogo zina matundu manne ya nati kwenye duara la milimita 100, Subaru nyingi matano kwa 100, na Impreza STI za kuanzia 2005 ni matano kwa 114.3. Hata matundu yakilingana, tazama tundu la katikati: Toyota hizo ni milimita 54.1, Subaru ni 56.1. Rimu ya Toyota haitakaa kwenye Subaru, na ya Subaru kwenye Toyota italegea isipowekewa pete ya katikati. Asikudanganye mtu kuwa nati zitaivuta.

Kwa nini nashikilia tairi na breki kwa ukali huu? Kwa sababu ya hesabu moja ambayo kila mpenda magari anapaswa kuijua. Nguvu ya mgongano, na umbali wa kusimama, hukua kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 110, kasi imeongezeka kwa kama theluthi moja na kidogo, lakini kazi ya breki na tairi zako imekaribia mara mbili. Mteremko wa Salama kwenye barabara ya Mombasa umemeza watu wengi ambao magari yao yaliweza kukimbia vizuri sana. Nimeyavuta magari ya aina hiyo hadi gerejini. Mengi injini zake zilikuwa bado nzima.

Ukiamua kubadilisha injini, fuata sheria. Dai stakabadhi yenye nambari ya injini kutoka kwa aliyekuuzia, kisha peleka taarifa kwa mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA, ili hati ya umiliki ilingane na kilichomo chini ya boneti. Iambie pia kampuni ya bima. Bima iliyokatwa kwa gari la kawaida inaweza kukataa kulipia gari uliloligeuza kimyakimya, na atakayeumia ni familia ya uliyemgonga na yako mwenyewe. Na ukitaka kujua gari lako linaweza nini, barabara ya Kangundo si mahali pake. Upo uwanja wa mbio za magari wa Whistling Morans kule Athi River, na yapo mashindano ya klabu zilizo chini ya Shirikisho la Michezo ya Magari, KMSF. Huko kuna kofia, kuna ambulansi, na hakuna mtoto wa shule anayevuka.

Kwa hivyo, ndugu zangu wa Jumapili alasiri na wengine wote mnaopenda magari kama ninavyoyapenda, nawasihi mpange pesa zenu hivi: tairi kwanza, halafu breki, halafu bushi na shoki, halafu afya ya injini uliyo nayo. Ukishamaliza hayo manne na bado mfuko unaruhusu, njoo tuzungumze tabo. Nitakufungia kwa moyo wote.